Habari za Maisha ya Vivien Thomas

Mara nyingi twawasifu waganga mashuhuri, tukawasahau wasaidizi wao. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kueleza habari za Vivien Thomas, mtu mweusi wa Marekani, aliyefariki mwaka 1985.

Alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana, akakulia Nashville. Baba yake alikuwa seremala, naye akajifunza kazi hiyo. Aliweka akiba ili asomee uganga, lakini benki ikafilisika, na fedha zake zikapotea. Mwaka 1930 aliajiriwa na Daktari Alfred Blalock katika chumba cha uchunguzi. Cheo alichoandikiwa kilikuwa cha mfagiaji, ingawa kazi yake ilikuwa ya mtaalamu. Mwaka 1941 wakahamia wote wawili hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore.

Huko Daktari Helen Taussig alikuwa akiwatunza watoto waliozaliwa na moyo wenye kasoro. Njia ya damu iendayo mapafuni ilikuwa nyembamba, tena ukuta wa kati ya moyo ulikuwa na tundu. Basi damu isiyopata hewa ya kutosha ilienea mwilini, hata midomo na kucha za mtoto zikawa za buluu. Wengi walikufa wangali wadogo. Taussig akataka ipatikane njia ya kuongeza damu mapafuni. Thomas akaitafuta kwa muda wa miaka miwili hivi, akiwapasua mbwa wapatao 200, hata akaweza kuunganisha vema mshipa uendao mkononi na mshipa wa mapafu.

Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua mtoto wa miezi 15, ambaye uzito wake haukuzidi kilo 5. Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma yake, akimwongoza katika kushona. Mtoto yule alipata nafuu, ingawa alifariki baada ya miezi michache. Lakini wengi waliomfuata walipata nguvu, wakaishi.

Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1945, jina la Thomas halikutajwa. Hata hivyo aliendelea na kazi, akawafundisha vijana wengi waliokuwa baadaye waganga wakuu wa kupasua. Ndipo mwaka 1976 chuo kikampa shahada ya heshima ya udaktari.

Nasi tunao wasaidizi wengi, hospitalini na sharikani. Tusiwaambie tu kwamba Mungu aiona kazi yao. Aiona kweli, lakini kuwanyima wenzetu heshima iliyo haki yao ni dhambi yetu sisi.