Daktari Aliyeomba Kabla ya Kushika Kisu

Soma kwa ajili ya somo hili: 2 Wafalme 20:1–7, Yohana 9:1–3, 2 Timotheo 4:20, Yakobo 5:14–16.

Mfalme Hezekia aliugua, akalia mbele za Mungu, akaahidiwa kupona. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini zibandikwe kwenye jipu lake. Maombi yalitangulia, dawa ikafuata, na vyote viwili vilitoka kwa Bwana mmoja. Juma hili tunamtazama mtu aliyeishi kwa utaratibu huo kwa zaidi ya miaka 50 hapa Afrika Mashariki, naye ni Dkt. Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, Uganda. Hakuwa Mwadventista. Alitumwa na CMS, shirika la umisionari la Kanisa la Anglikana. Lakini maisha yake yanatuuliza swali linalotuhusu sisi sote tunaokwenda wodini tukiwa na Biblia mkononi: tunapomwombea mgonjwa, tunamtakia nini hasa?

Safari ya kwenda Mengo

Albert Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akapata mafunzo ya udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's jijini London. Angeweza kubaki kwao na kupata kazi nzuri, lakini mwaka 1896 alipanda meli kuja Mombasa pamoja na wamisionari wengine. Miongoni mwao alikuwamo muuguzi mmoja, Katharine Timpson. Wakati huo reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa. Msafara ulikwenda kwa miguu zaidi ya kilometa 1,000, ukafika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, Februari 1897.

Walianza na zahanati ndogo, na katika mwaka huohuo wakafungua hospitali. Buganda ilikuwa imetoka katika miaka ya vita vya kidini, ambamo Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu walipigana wao kwa wao. Sasa watu wa pande hizo zote walileta vidonda vyao kwenye mlango mmoja, nao walipokelewa. Mwaka 1899 alifika Dkt. Jack Cook, mdogo wake Albert, na mwaka 1900 Albert na Katharine wakafunga ndoa. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali, ikateketea kwa moto. Wakajenga upya.

Sala na daftari

Mengo siku ilianza kwa ibada. Wagonjwa waliokuja kutafuta dawa walisikia kwanza neno fupi la Injili na sala. Katika chumba cha upasuaji, Cook aliomba kabla ya kushika kisu. Huo ulikuwa utaratibu wa kazi, kama vile kunawa mikono.

Baada ya sala kulikuwa na daftari. Cook na wenzake waliandika habari za kila mgonjwa aliyelazwa: ametoka wapi, ameanza kuumwa lini, wameona nini mwilini mwake, wamempa tiba gani, na mwisho wake ulikuwaje. Aliyepona aliandikwa, na aliyekufa aliandikwa. Makabrasha hayo yalihifadhiwa. Miaka mingi baadaye madaktari wa Makerere waliyafungua tena ili kuchunguza historia ya saratani nchini Uganda. Cook pia alijifunza Kiganda, hata akatunga kitabu cha msamiati wa kitabibu katika lugha hiyo, maana daktari asiyeelewa maneno ya mgonjwa atatibu kwa kubahatisha.

Tafakari jambo hili. Mtu aliyeamini kwamba Mungu husikia maombi hakuona sababu ya kuacha kuchunguza, kupima na kuandika. Imani yake ilimfanya awe makini zaidi na mwili uliokuwa mbele yake.

Maombi ambayo hayakuleta uponyaji

Mwaka 1901 ndugu hawa wawili waliona Mengo wagonjwa wa aina ambayo hawakuwa wameizoea pale. Walikuwa wakidhoofika, wakisinzia mchana, wakipoteza fahamu na hatimaye kufa. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria na katika visiwa vyake, hasa Buganda na Busoga.

Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuponya. Hospitali ilikuwa na sala, chakula, usafi na mikono ya wauguzi, na wagonjwa walikufa. Wachunguzi walipogundua kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o, serikali iliwahamisha watu kutoka ufukweni, na vifo vikapungua. Kuhama kwenyewe kuliwagharimu watu mashamba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao.

Hapa ndipo wengi wetu tunaponyamaza. Tunasimulia ushuhuda wa aliyepona, lakini aliyeombewa akafa hatumtaji. Mtume Paulo hakufanya hivyo. Alimwandikia Timotheo waziwazi kwamba alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, wala hakusema kwamba Trofimo alipungukiwa na imani. Cook naye hakuyafuta majina ya waliokufa katika daftari lake, wala hakufunga wodi kwa sababu maombi hayakujibiwa kama alivyotaka.

Kosa la kuangaliwa

Tusimfanye Cook malaika. Alikuja wakati wa utawala wa Waingereza, naye aliziona baadhi ya shida za Uganda kwa macho ya wakati huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 yeye na madaktari wengine walitangaza kwamba kaswende ilikuwa imeenea sana nchini, na ugonjwa huo ukahusishwa na kulegea kwa maadili. Wataalamu wa baadaye waliona kwamba sehemu ya kilichohesabiwa kuwa kaswende huenda kilikuwa buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa ambao watoto hupata kwa kugusana tu. Kama ni hivyo, watu wengi walibebeshwa aibu isiyokuwa yao.

Wanafunzi wa Yesu walifanya jambo la namna hiyo walipomwona yule kipofu tangu kuzaliwa na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi. Yesu aliwakataza kufikiri hivyo, kisha akamponya. Anayekwenda kumwombea mgonjwa ajihadhari asimhukumu kabla hajafumba macho.

Wakunga wa Mengo

Katharine Cook aliona akina mama na watoto wakifa wakati wa uzazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza yeye na mumewe walianzisha pale Mengo shule ya wakunga. Wasichana wa Uganda walifundishwa, wakahitimu, wakaenda kuhudumu vijijini. Cook aliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda ili wajifunze katika lugha yao. Wamisionari waliotoka mbali kuja kuombea wagonjwa wa nchi nyingine walijua kwamba kazi haitadumu isipokuwa wenyeji waishike mikononi mwao.

Mwaka 1932 mfalme wa Uingereza alimpa Cook heshima ya kuitwa Sir. Katharine alifariki mwaka 1938. Albert alibaki Uganda, akafa mwaka 1951, akazikwa Namirembe, kilima ambacho hospitali yake imesimama. Hospitali ya Mengo inatibu watu hadi leo.

Kwetu leo

Sisi wa Maili Moja hatuhitaji kupanda meli. Hospitali ya Tumbi iko jirani, na vikundi vyetu huenda huko Sabato alasiri. Tukumbuke kwamba mtu aliyelala akiwa na dripu mkononi hawezi kuondoka tukimchosha. Kwa hiyo tumwombe ruhusa kwanza, hasa akiwa wa dini nyingine. Akisema hapana, tumpe pole, tumwachie maji au matunda kama wauguzi wameruhusu, tuondoke kwa amani. Akikubali, ombi liwe fupi na la sauti ya chini. Wodini kuna wengine waliolala. Aliyotuambia yabaki kwetu, yasifike kwenye kikundi cha WhatsApp.

Lipo jambo zito kuliko hayo. Wako watu katika mitaa yetu walioacha dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au VVU kwa sababu waliambiwa wameombewa na wamepona. Wengine hatukuwaona tena. Daktari wa Mengo aliomba, na baada ya amina akashika kisu. Yakobo alipowaagiza wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, hakumwagiza mgonjwa atupe dawa. Mshiriki yeyote akisikia mtu anashauriwa kuacha tiba kwa jina la Yesu, asinyamaze. Amrudishe kwa daktari wake, amsindikize ikibidi, na aendelee kumwombea.

Maswali ya kujadili

1. Katika 2 Wafalme 20, Mungu angeweza kumponya Hezekia bila tini. Unadhani kwa nini tini zilitumika?

2. Kikundi chenu kilimwombea nani ambaye hakupona? Je, mmeendelea kuitembelea familia yake?

3. Ni maneno gani tunayowaambia wagonjwa ambayo yanawabebesha aibu badala ya kuwafariji?

4. Jirani anakuambia ameacha dawa kwa sababu ameombewa. Utamwambia nini leo, wala si Sabato ijayo?

La kufanya juma hili: Kila mshiriki achague mgonjwa mmoja, amwombee kila siku kwa jina lake, na amsaidie kwa jambo moja la mkono: kumfulia nguo, kumpelekea uji, kumlipia nauli ya kliniki au kumkumbusha saa ya dawa.