Wilt Chamberlain na Pointi Tisa

Watu wapendao mpira wa kikapu hawachoki kubishana juu ya jambo moja: katika wote waliopata kuucheza mchezo huo kwa kulipwa, ni nani aliyekuwa bora kupita wenzake? Wako wanaomtaja Michael Jordan, wako wanaomtaja LeBron James, na wako wanaosimama na Kareem Abdul-Jabbar. Mimi sina ugomvi nao. Lakini nimeona kwamba mtu mmoja husahauliwa katika mabishano hayo, au akitajwa hutajwa kwa dharau, ya kuwa alijua kufunga lakini hakujua kushinda. Mtu huyo ni Wilt Chamberlain. Nataka kuwaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Wilton Norman Chamberlain alizaliwa tarehe 21 Agosti 1936 katika mji wa Philadelphia, Marekani, katika nyumba yenye watoto wengi. Alipokuwa mdogo aliugua sana homa ya mapafu, hata masomo yake yakacheleweshwa. Alipopona alipenda kwanza mbio na kuruka juu. Mpira wa kikapu aliuona kuwa mchezo wa watu walegevu, lakini kwa kuwa vijana wote wa mji ule waliucheza, naye akaingia. Alipomaliza shule ya Overbrook mwaka 1955 vyuo vingi vilimgombea, kwa maana urefu wake ulikuwa kama futi 7, na juu ya urefu huo alikuwa na mbio na nguvu.

Akachagua Chuo Kikuu cha Kansas. Ni chuo kile kile ambacho James Naismith, aliyeubuni mchezo huu mwaka 1891, alikuwa mwalimu wa kwanza wa timu yake. Huko Wilt alikuta mahali pengi pa kula ambapo watu weusi hawakukaribishwa. Yeye akakataa kuifuata desturi hiyo, akawa anaingia na kuketi alipotaka. Mwaka 1957 timu yake ilifika fainali ya vyuo vyote vya Marekani, ikapambana na North Carolina. Muda uliongezwa mara tatu, na mwisho Kansas wakashindwa kwa 54 kwa 53. Basi kushindwa kwa pointi moja au mbili kukamwandama tangu siku hiyo.

Mwaka 1958 aliondoka chuoni. Sheria za ligi ya NBA hazikumruhusu kuingia kabla wenzake wa darasa lake hawajamaliza masomo, kwa hiyo alicheza mwaka mmoja na Harlem Globetrotters, akasafiri nao mpaka Moscow. Mwaka 1959 akajiunga na Philadelphia Warriors, na katika msimu wake wa kwanza tu akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Mambo aliyoyafanya baada ya hapo ni ya ajabu. Tarehe 24 Novemba 1960 alidaka mipira 55 iliyogonga ubao na kurudi, katika mchezo mmoja. Katika msimu wa 1961 hadi 1962 alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa kila mchezo. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, mbele ya watazamaji 4,124, aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake, na timu yake ikashinda kwa 169 kwa 147. Kumbukeni kwamba siku zile hapakuwa na mtupo wa pointi tatu. NBA waliuweka mwaka 1979. Mpaka leo hakuna aliyezifikia pointi hizo katika ligi ile.

Hata hivyo, wachezaji wenyewe walipopiga kura mwishoni mwa msimu ule, hawakumchagua Wilt. Walimchagua Bill Russell wa Boston Celtics, ambaye kufunga kwake hakukufika nusu ya kule kwa Wilt. Russell alikuwa ngome. Alizuia, alidaka, akawapa wenzake mpira, na Boston wakashinda. Watu hawa wawili walikutana uwanjani zaidi ya mara 140. Ukihesabu pointi na mipira iliyodakwa, Wilt alimzidi mwenzake. Ukihesabu ubingwa, Russell alipata 11, naye Wilt akapata 2. Hapo ndipo wengi hufunga daftari na kusema kesi imekwisha.

Mimi naomba tulifungue tena daftari hilo. Mara nne timu ya Wilt ilifika mchezo wa saba, yaani wa mwisho wa kukata shauri, dhidi ya Boston, na mara zote nne ikashindwa. Mwaka 1962 ilikuwa 109 kwa 107. Mwaka 1965 ilikuwa 110 kwa 109. Mwaka 1968 ilikuwa 100 kwa 96. Mwaka 1969 ilikuwa 108 kwa 106. Jumlisheni tofauti hizo: 2, na 1, na 4, na 2. Ni pointi 9 kwa miaka minane. Je, mtu huitwa asiyejua kushinda kwa ajili ya pointi 9?

Lakini haki inanidai niseme na upande wa pili. Mchezaji akichezewa vibaya hupewa mitupo ya adhabu, na kila mtupo ukiingia ni pointi moja. Haba na haba hujaza kibaba. Hapo ndipo Wilt alipokuwa dhaifu. Katika maisha yake yote ya NBA aliingiza karibu nusu tu ya mitupo hiyo. Katika mchezo ule wa mwisho wa 1969 alipewa mitupo 13, akaingiza 4. Timu yake ilishindwa kwa pointi 2.

La kusikitisha ni kwamba dawa alikuwa nayo. Katika msimu ule wa pointi 100 alikuwa akirusha mitupo ya adhabu kwa mikono miwili kutoka chini, kati ya magoti, na siku ile ya Hershey aliingiza 28 kati ya 32. Kisha akaiacha njia hiyo. Baadaye alikiri katika kitabu chake kwamba alijiona kama mjinga mbele za watu. Katika msimu wa 1967 hadi 1968 mitupo iliyoingia ilikuwa 38 tu katika kila 100. Mtu aliyeketi bila hofu katika hoteli zisizomtaka, alishindwa kuvumilia kicheko cha watazamaji.

Msidhani kwamba hakuweza kubadilika. Mwaka 1967, akiwa na Philadelphia 76ers, mwalimu Alex Hannum alimtaka apunguze kufunga na awape wenzake mpira. Akakubali. Wastani wake wa pointi ukashuka mpaka 24, lakini timu ikawatoa Boston, waliokuwa wamechukua ubingwa mara nane mfululizo, kisha ikatwaa ubingwa. Mwaka 1972, akiwa na Los Angeles Lakers, akaupata tena, katika msimu ambao timu hiyo ilishinda michezo 33 mfululizo. Alistaafu mwaka 1973 akiwa na pointi 31,419, na katika michezo yake 1,045 ya ligi hakutolewa nje hata mara moja kwa kujaza makosa.

Russell alikuwa rafiki yake, na zamani alikula chakula nyumbani kwa kina Chamberlain. Baada ya mchezo ule wa 1969 alimlaumu Wilt kwa kutoka uwanjani akiwa ameumia goti, wakakaa zaidi ya miaka 20 bila kusemezana. Mwisho Russell aliomba radhi, wakapatana. Wilt alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Los Angeles tarehe 12 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 63, na Russell alikuwa miongoni mwa waliosema katika kumbukumbu yake.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa uwezo alioumbiwa mtu, simwoni wa kumtangulia Wilt Chamberlain. Kwa kuitumikia timu, namweka Russell juu yake, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa. Anayetaka kumweka Jordan au LeBron mbele yao na amweke, ila asije kwangu na hesabu ya ubingwa peke yake. Na ninyi ndugu zangu wa timu yetu, kama mnajua namna ya kurusha inayoingiza mpira kikapuni, itumieni hata kama watu watacheka.