Imam Ibn Hajar: Baba Aliyewazika Binti Zake Watano



Hebu nianze na jambo lililonitia aibu. Muhula mmoja, mwenzetu wa bweni alipigiwa simu usiku, akaambiwa kuwa mdogo wake wa miaka sita amefariki huko nyumbani. Tulikusanyika chumbani mwake vijana kama wanane, wote tumesoma madrasa. Kila mmoja akasema pole, kila mmoja akasema subira, halafu tukanyamaza. Baada ya muda mmoja wetu akaanza habari za mpira, na wallahi sote tulimshukuru moyoni. Yule mwenzetu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho yako sakafuni.

Likizo ilipofika nikamsimulia ustadhi wangu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ningali nakikumbuka Bulugh al-Maram, kile kitabu cha hadithi tulichosomeshwa tukiwa wadogo. Nikamwambia nakikumbuka vizuri. Akaniuliza kama nayajua maisha ya mtungaji wake. Hapo nikakwama. Jina lake nilikuwa nalijua, lakini yeye mwenyewe nilikuwa simjui. Basi haya ndiyo niliyoyapata baada ya kuingia maktaba, nami nimeona tugawane katika mwezi huu mtukufu.

Mtungaji huyo ni Ahmad bin Ali, anayejulikana duniani kote kwa jina la Ibn Hajar al-Asqalani. Alizaliwa Misri mwezi wa Shaaban mwaka 773 Hijria, sawa na 1372 Miladia. Hata kuzaliwa kwake kulikuwa ndani ya msiba. Inaelezwa kuwa baba yake, Nuruddin Ali, alikuwa na mtoto wa kiume aliyeinukia katika elimu, kisha akafariki. Mzee akahuzunika sana, mpaka sheikh mmoja akampa bishara kwamba Mwenyezi Mungu atampa mwingine badala yake. Huyo mwingine ndiye Ahmad.

Lakini huyo Ahmad hakukaa sana na wazazi wake. Mama alifariki yeye akiwa mdogo kabisa, na baba akafuata mwaka 777, mtoto akiwa na umri wa kama miaka minne. Alipokuwa mkubwa alieleza kuwa baba yake anamkumbuka kama kivuli tu, kama kitu cha ndotoni. Alikumbuka hasa kwamba baba alimpa lakabu ya Abul-Fadhl. Huo ndio urithi wake wa kumbukumbu.

Alilelewa na mfanyabiashara tajiri, Zakiuddin al-Kharrubi, na karibu yake alikuwepo dada yake aliyeitwa Sitt al-Rakb, yaani bibi wa msafara, kwa sababu alizaliwa njiani wazazi wakienda Hijja. Ibn Hajar alikuwa akimhesabu dada huyo kuwa ndiye mama yake baada ya mama yake. Akahifadhi Qur'ani akiwa na miaka tisa. Na hapa, vijana wa tarawehe, sikilizeni vizuri: mwaka 785 (1383) mlezi wake alikuwa naye Makka, na mtoto huyu wa miaka 12 akawasalisha watu tarawehe katika msikiti wa Makka. Sisi tukipangiwa rakaa mbili tu mtaani tunatoroka!

Miaka miwili baadaye al-Kharrubi naye akafariki. Yatima akawa yatima mara ya pili. Mwaka 798 (1396) akafariki dada yake. Mwaka huohuo Ibn Hajar akamuoa Uns Khatun, binti wa mkuu wa daftari la jeshi. Mumewe alimsikilizisha hadithi kwa masheikh, akapata ijaza, na baadaye akawa mwenyewe anasomesha hadithi. Mwenyezi Mungu akawaruzuku binti watano: Zayn Khatun, Farha, Ghaliya, Rabia na Fatima.

Kielimu, Ibn Hajar alikaa chini ya Zaynuddin al-Iraqi, bingwa wa hadithi wa zama zile, kwa muda wa miaka kumi. Alisafiri Sham, Hijaz na Yemen kutafuta hadithi. Akawa Kadhi Mkuu wa Kishafii wa Misri mara kadhaa, akiteuliwa na kuuzuliwa na kuteuliwa tena. Mwaka 817 akaanza kazi kubwa kuliko zote, Fath al-Bari, sherehe ya Sahih al-Bukhari. Kazi hiyo ilimchukua miaka 25.

Sasa hebu tazama ni miaka 25 ya namna gani.

Lazima ukumbuke kwanza hali ya ulimwengu wao. Mwaka 749 (1348) tauni kubwa iliingia Misri na Sham, ikafagia watu bila hesabu. Haikuondoka moja kwa moja. Ikawa inarudi kila baada ya miaka, na kila ikirudi inachukua watoto kwa wingi. Mwaka 819 ilirudi Cairo na kuingia nyumbani kwa Ibn Hajar. Ghaliya na Fatima, wangali wadogo, walifariki mwaka mmoja. Mwaka 828 Farha alirudi Hijja akiwa mgonjwa, naye akafariki. Mwaka 832 akafariki Rabia. Mwaka 833 (1430) tauni ikarudi kwa nguvu, ikamchukua Zayn Khatun, mkubwa wao, akiwa mja mzito. Binti wote watano wakaisha ndani ya miaka 14, na kitabu bado hakijafika mwisho.

Je, alifanya nini? Hapa ndipo nilipopata somo langu. Mwaka 819, mwaka wa kuwazika wale wawili wa kwanza, alianza kukusanya kitabu kingine pembeni. Kikaitwa Badhl al-Ma'un fi Fadhl al-Ta'un, nacho kinahusu tauni. Hakukimaliza. Kilikaa miaka 14. Alikimaliza mwaka 833, mwaka aliomzika Zayn Khatun. Yaani kitabu kilifunguliwa na msiba na kikafungwa na msiba.

Mtu angetarajia kitabu cha kilio. Sivyo. Kina milango mitano, imepangwa kwa utulivu kama darsa la asubuhi: asili ya tauni, maana yake, vipi inakuwa shahada kwa Muislamu, hukumu ya kutoka na kuingia katika mji wenye tauni, na mambo ya kufanya ikishatokea. Mwisho akaweka historia ya tauni zilizopita. Kila hadithi anaipima sanadi yake. Hakubali hadithi dhaifu eti kwa sababu inafariji. Hili lilinishangaza sana. Mtu aliyefiwa kama yeye angepokea neno lolote tamu, lakini yeye alitaka faraja ya kweli au asiwe nayo kabisa.

Na alikuwa na jicho. Mwaka ule wa 833 watu wa Cairo walifunga siku tatu, wakatoka kwenda jangwani kwa makundi kuomba dua. Ibn Hajar aliandika kwamba kabla ya hapo waliokufa kwa siku walikuwa chini ya 40, na mwezi haukuisha ila wamezidi 1,000 kwa siku. Akasema wazi kuwa mkusanyiko wa namna ile hauna asili, na akataja kuwa Damascus nayo ilifanya hivyo mwaka 749 na tauni ikazidi. Leo tunajua kwamba tauni huletwa na bakteria wanaobebwa na viroboto wa panya. Yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo, na sababu alizozitaja za ugonjwa si hizo. Lakini alilolishuhudia hakulificha. Ndiyo maana wakati wa korona, mwaka 2020, watu wengi walikirudia kitabu hiki, na mwaka 2023 kikatoka kwa Kiingereza.

Ibn Hajar hakuwa peke yake katika kazi hii. Kuandika ili kumliwaza aliyefiwa ni mila kongwe kuliko Uislamu wa Misri. Mrumi Cicero, alipofiwa na binti yake Tullia mwaka 45 kabla ya Miladia, alijiandikia kitabu cha kujiliwaza, ambacho kimepotea. Kule Iraq, katika karne ya tatu Hijria, mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala ya kuondoa huzuni. Ndani yake mna kisa cha Iskandar aliyemuusia mama yake kwamba akisikia mwanawe amekufa afanye karamu kubwa, na asiingie ila mtu ambaye hajapatwa na msiba. Karamu ikapikwa, hakuingia mtu hata mmoja. Mama akafahamu.

Baada ya tauni ya 749, wanazuoni wa Misri na Sham wakaifanya mila hii kuwa fani ya wazazi waliofiwa na watoto. Ibn Abi Hajala aliandika kitabu cha kuwaliwaza waliofiwa na wana, kisha tauni ya mwaka 776 ikamchukua mwenyewe. Muhammad al-Manbiji aliwaandikia watu wa misiba. Ibn Nasiruddin wa Damascus, aliyeishi zama moja na Ibn Hajar, aliandika kitabu ambacho jina lake lina maana ya kupoza maini wakati wa kufiwa na watoto. Al-Sakhawi, mwanafunzi mpenzi wa Ibn Hajar, aliandika chake, na al-Suyuti pia. Wengi wao hawakuandika wakiwa nje ya msiba wakiangalia ndani. Waliandika na udongo wa kaburi ungali viganjani.

Turudi kwa Imamu wetu. Katika Fath al-Bari kuna Kitabu cha Janaza, na humo mna mlango wa fadhila za aliyefiwa na mtoto akataraji malipo kwa Mola wake. Hadithi mashuhuri inataja watoto watatu, kisha wakaulizwa wawili. Ibn Hajar hapo hapiti haraka. Anafuatilia riwaya moja baada ya nyingine, anatafuta je, na aliyefiwa na mmoja? Mwanafunzi anayesoma bila kujua atadhani ni ubishi wa wanazuoni tu. Ukijua nyumba yake ilivyokuwa, unasoma kwa macho mengine. Humohumo anasherehesha hadithi ya Mtume (s.a.w) alipomlilia mwanawe Ibrahim. Machozi hayakukatazwa. Kilichokatazwa ni ulimi kumkasirisha Mola.

Fath al-Bari ilikamilika mwezi wa Rajab mwaka 842. Mwezi uliofuata ikafanywa karamu nje ya Cairo, ikagharimu kama dinari 500, wakaja wanazuoni na wakubwa. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini mimi, kila nikiisoma habari ya karamu ile, nawatafuta wale binti watano na siwaoni.

Imam Ibn Hajar alifariki Cairo tarehe 28 Dhul-Hijja mwaka 852, yaani Februari 1449. Sultan Jaqmaq mwenyewe alihudhuria jeneza, na akazikwa katika makaburi ya al-Qarafa. Aliacha mtoto wa kiume, Muhammad, na mjukuu wa upande wa binti, Yusuf bin Shahin, ambaye naye alikuwa mwanachuoni. Na alimuacha Uns Khatun. Mama huyu aliishi mpaka mwaka 867. Aliwazika binti zake wote, akamzika na mume, akaishi miaka 15 baadaye. Vitabu vimemtaja kwa mistari michache tu, lakini mimi naona subira yake ni kitabu kizima ambacho hakikuandikwa.

Sasa, ndugu yangu, hasa wewe kijana mwenzangu, tunapata nini hapa? Nilikuwa nikidhani mtu akifiwa, kazi yangu ni kumnyamazisha. Nitafute neno moja la kukata kilio, nikilikosa nizungumze mpira. Ibn Hajar hakunyamaza wala hakujinyamazisha kwa haraka. Alianza kitabu akakiacha, na miaka 14 ilipita kabla ya kukirudia. Huzuni ina muda wake, na mwenye elimu nyingi kuliko watu wote wa zama zake naye alihitaji muda huo. Basi kwa nini sisi tunamtaka mfiwa awe sawa ifikapo siku ya tatu, majamvi yakishakunjwa na sufuria zikirudishwa kwa wenyewe?

Nilirudi chuoni, nikamwendea yule mwenzetu. Ilikuwa imepita miezi miwili, na wengi walishasahau. Sikumpa hotuba. Nilimuuliza mdogo wake alikuwa akiitwa nani, na alikuwa akipenda nini. Alizungumza kutoka laasiri mpaka maghribi. Kwa mara ya kwanza nilimuona akicheka, kisha akalia, kisha tukaenda kusali.

Ramadhan hii, katika futari zetu, kuna nyumba ambazo sahani moja haipakuliwi tena. Wapelekee chakula, kama alivyoamrisha Mtume (s.a.w) kwa familia ya Jaafar. Kisha kaa kidogo, usiondoke mbio. Waache wamtaje marehemu wao kwa jina, na ukumbuke kurudi mwezi unaofuata.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Ibn Hajar, amrehemu Uns Khatun na binti zao, awarehemu watoto wote waliotutangulia, na awape wazazi wao subira njema. Amin.

Wabillahi tawfiq.