Joseph Murumbi na Baraza Ambalo Halikujengwa

Katika Kabras, kama ilivyokuwa kwa jamii nyingine za Waluhya wa Kakamega, historia ilifunzwa jioni. Kazi za shamba zilipokwisha na moto kukolezwa, wazee walisimulia chimbuko la koo, safari za mababu, vita na njaa. Miongoni mwa Watachoni, majirani wa Wakabras katika eneo la Malava, yuko mlumbi wa kumuse ambaye husimama mbele ya umati baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi na kuyaeleza ya kale. Masimulizi hayo yamedumu, ila vifaa vilivyoandamana nayo vinaendelea kutoweka. Makala hii inamulika maisha ya Mkenya aliyetaka kifaa na masimulizi yake vikae chini ya paa moja. Huyo ni Joseph Anthony Zuzarte Murumbi.

Murumbi alizaliwa mwaka wa 1911 huko Eldama Ravine. Babake alikuwa Mgoa na mamake Mmaasai. Akiwa bado mtoto alipelekwa India kusoma, na huko akakulia mbali na lugha na mila za mamake. Aliporejea Kenya katika miaka ya 1930, aliukumbatia Uafrika wake kwa hiari, akatumia jina la Murumbi lililotoka upande wa mama. Kwa mtu kama huyo utamaduni haukuwa urithi wa kupokea akiwa ameketi, ilimbidi autafute. Huenda hapo ndipo ilipochipuka ari yake ya kukusanya.

Miaka ya 1940 aliifanyia kazi serikali ya kijeshi ya Waingereza huko Somalia. Baadaye alijiunga na chama cha Kenya African Union, na viongozi wake walipokamatwa mwaka wa 1952, alishika nafasi ya kaimu katibu mkuu. Punde si punde alilazimika kuishi uhamishoni, hasa London, kwa takriban miaka tisa. Huko alipigania uhuru wa makoloni, na pia akawa mnunuzi wa vitabu vikuukuu kuhusu Afrika. Mkewe, Sheila, Mwingereza aliyekuwa mkutubi, alishiriki naye mapenzi hayo.

Alirudi nyumbani mwaka wa 1962. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Nchi, kisha Waziri wa Mambo ya Nje. Februari 1965 rafiki yake wa karibu, Pio Gama Pinto, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Mwezi wa Mei 1966 Murumbi aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais, akimfuata Oginga Odinga aliyejiuzulu. Hata mwaka haukuisha kabla naye hajakiacha cheo hicho. Wapo wengi waliong'ang'ania vyeo hadi pumzi ya mwisho. Murumbi alikiacha cha pili kwa ukubwa nchini akarudi kwenye vitabu, vinyago, vitambaa, mapambo na stempu zake.

Mapema katika miaka ya 1970, yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi, jumba lililoonyesha na kuuza kazi za sanaa kutoka pembe mbalimbali za bara. Wakati huo nyumba yake ya Muthaiga ilikuwa imejaa hazina. Wageni kutoka nje walitaka kuinunua, lakini alikataa. Katika nusu ya pili ya miaka hiyo aliiuzia serikali ya Kenya kwa bei nafuu, kwa matarajio kwamba nyumba hiyo ingegeuzwa taasisi ya taaluma za Kiafrika. Msomi angefika, asome, atazame, ajadiliane na wenzake. Kwa maneno mengine, Murumbi alikuwa anajenga baraza.

Baraza hilo halikujengwa. Vitabu, ambavyo hukadiriwa kupita 8,000, pamoja na barua na kazi za sanaa, vilipata makao katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lakini nyumba ilibomolewa. Murumbi alifariki Juni 1990. Alizikwa katika bustani ya City Park, karibu na kaburi la Pinto, kama alivyotamani. Mwaka wa 2009 bustani ya ukumbusho yenye sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki ilizinduliwa hapo. Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iliwekwa katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka wa 1913 lililokuwa afisi ya mkuu wa mkoa.

Haitoshi, basi, kusema kwamba hazina ya Murumbi iliokolewa. Vitu viliokolewa, mazungumzo aliyoyakusudia ndiyo yaliyopotea. Chukua mfano wa mrija mrefu wa kunywea busaa. Ukiwekwa ndani ya kioo bila msemaji, mgeni ataona unyasi tu. Mzee wa Kabras akiketi kando yake jioni moja, atatueleza nani aliketi wapi kukizunguka chungu, nani alitangulia kunywa, na ugomvi gani ulisuluhishwa hapo. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari, na daftari la mrija huo limo kifuani mwa mzee huyo.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Kutoka Malava hadi Nairobi ni mbali, na si kila shule itapata nafasi ya kuutembelea mkusanyo wa Murumbi. Hata hivyo, darasa tupu baada ya masomo, kigoda, chungu na mzee mmoja mwenye kumbukumbu vinatosha kuanzisha mazungumzo. Kazi yetu ni kuyanukuu, kuandika jina la kila kifaa kwa Kikabras na kutafuta visawe vyake katika Kiswahili kabla wenye majina hayo hawajatuaga. Kumuenzi Murumbi kwa sanamu ni jambo jema. Kulijenga baraza lake, hata likiwa dogo, ni kulipa deni.