MWENYE HERI ANUARITE, MWALIMU WA WATOTO



Tunapomtaja Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite, kwa desturi tunakimbilia usiku wa kufa kwake. Ni haki, kwani kwa usiku ule Eklezia ilimhesabu kati ya mashahidi wa Yezu. Walakini kabla ya usiku ule mmoja kulikuwa asubuhi nyingi za kalasi, mbele ya watoto wadogo. Juu ya asubuhi zile watu husema kidogo mno. Tumeona vema kuzikumbuka katika kitabu hiki, kwa kuwa wengi wetu tulifundishwa kusoma na kuomba na mwalimu mmoja yule yule.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Matali, pembeni ya Wamba, katika kabila la Wabudu, mbali sana na ziwa letu, upande wa kaskazini. Alikuwa wa nne kati ya wasichana sita. Nyumbani waliita jina lake Nengapeta. Baba yake alikuwa askari. Naye baba huyo, kwa kuwa mke wake hakumzalia mtoto mwanamume, alimwacha akatwaa mke mwingine, na mama akabaki na mzigo wa malezi. Hatufichi jambo hili. Mtoto aliyeona mama yake akikataliwa kwa sababu ya kuzaa wasichana, ndiye aliyekuja baadaye kuwafundisha wasichana wa wengine.

Mama alibatizwa pamoja na binti zake, na mtoto wetu akapewa jina la Alphonsine. Lakini siku ya kuandikishwa shuleni, sista Mzungu aliyeshika daftari alikosea, akamwandikia jina la dada yake, Anuarite. Hakuna aliyelifuta. Hivi jina linaloheshimiwa leo katika makanisa mengi ya Afrika lilitoka katika kosa la daftari la shule! Na maana yake, kwa lugha ya kwao, ni mtu anayecheka vita.

Alipotamani utawa, hakungoja ruhusa. Siku moja kamio ilifika kuwachukua wasichana waliokwenda kwa masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Naye akapanda kwa siri katikati yao, mama yake asijue. Baadaye mama alikubali. Huko akafundishwa kazi ya ualimu, na tarehe 5 Agosti 1959 akafunga nadiri zake za kwanza, akiitwa sasa Sista Marie-Clémentine.

Wasomaji vijana wafahamu namna walimu wa wakati ule walivyotayarishwa. Mtoto alimaliza shule ya msingi, akaongezewa miaka michache tu ya ualimu, kisha akawekwa mbele ya kalasi akiwa bado kijana sana. Misioni ilisimamia shule, serikali ya Wabelgiji ikatoa msaada wa feza. Mafundisho yalikuwa kusoma, kuandika, hesabu na katekisimu. Kulikuwa pia usafi wa mwili na kazi ya bustani, na kwa wasichana kushona. Mengi yalishikwa kwa kurudia pamoja kwa sauti. Wengine siku hizi wanacheka namna ile ya kufundisha. Sisi tuliopita katika mikono yao hatuwezi kucheka kwa urahisi.

Anuarite hakuwa mwalimu tu. Alitunza sakristia, alisaidia jikoni, kisha akaingia kalasini. Wenzake walimjua kuwa mtu mwepesi wa kuguswa moyo, asiyependa kosa lipite bila kusemwa. Lakini furaha yake ilikuwa kuwatumikia wengine na kuwafurahisha, na kazi ndogo hakuidharau.

Jaribu lake kubwa la miaka ile halikutoka kwa adui. Lilitoka nyumbani. Mama yake, aliyekuwa amekubali, alianza kumsihi arudi, kwa maana jamaa ilikuwa na shida na binti mwenye kazi angeweza kuisaidia. Walimu watakaosoma ukurasa huu wanajua uzito wa ombi la namna hii kuliko sisi. Mama hakuwa mbaya. Njaa ya nyumba ni jambo la kweli. Anuarite alimpenda, na hata hivyo alibaki Bafwabaka.

Ndipo ukaja mwaka 1964. Sisi wa bonde la Ruzizi hatuhitaji kuelezwa: Uvira ilitwaliwa na waasi mwezi wa Mei, na vijana wetu wengi waliingia katika vita vile. Tarehe 28 Novemba mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, ndugu Vittorio Faccin na abbé Albert Joubert waliuawa Baraka na Fizi. Kesho yake, siku ya Mungu, Simba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote katika kamio. Jumatatu, saa ambayo wangekuwa wakiingia kalasini, walimu wale walikuwa njiani chini ya bunduki.

Jioni walifikishwa Isiro, mji ulioitwa wakati ule Paulis. Mkubwa mmoja wa waasi alitaka kumfanya Anuarite mke wake, naye akakataa. Kolonele Pierre Olombe alijaribu kumshurutisha, akampiga vikali, yeye na sista mwenzake. Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hakujua analolitenda. Akachomwa visu vya bunduki, kisha akapigwa risasi. Alikufa usiku, tarehe 1 Desemba 1964, hajatimiza miaka 25.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri, akatoa msamaha kwa muuaji wake kwa jina la Eklezia yote. Olombe alikuwa angali hai. Wale wanne wa Baraka na Fizi walitangazwa nao wenye heri, hapa hapa Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Mwili wa mwalimu wa Bafwabaka umelazwa Isiro, na sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba.