Maisha ya Henry Leland, Fundi wa Vipuri

Muhula uliopita lori la shule yetu lilikaa majuma matatu chini ya mwembe. Injini ilikuwa imefunguliwa, na beringi mpya zikaletwa kutoka mjini, lakini zilikataa kuingia. Kumbe zilikuwa za injini nyingine ya ukoo ule ule. Kwa sura hizo injini mbili ni mapacha. Pistoni ni zile zile na ringi ni zile zile, ila kranki ya moja ni nene kidogo kuliko ya mwenziwe. Dereva alirudi mjini na namba iliyopigwa ubavuni mwa injini, na safari hii akapata zilizo sawa. Sisi tuliobeba magunia ya unga kutoka barabara kuu hatujasahau. Ndipo nikapenda kujua ni nani aliyetuzoesha kutazamia kwamba kipuri kitokacho dukani kitaingia mahali pake bila kupigwa tupa.

Mmoja wa watu hao ni Henry Martyn Leland. Alizaliwa mwaka 1843 katika jimbo la Vermont, Marekani, mtoto wa wakulima. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo alifanya kazi katika kiwanda cha silaha cha serikali mjini Springfield. Huko bunduki zilitengenezwa kwa namna ambayo kipande cha moja kiliweza kutiwa katika nyingine. Baadaye alikwenda kwa Brown na Sharpe, mabingwa wa vyombo vya kupimia, akajifunza kupima hata sehemu moja ya elfu ya inchi. Unywele wa kichwa chako una unene wa sehemu kama 3 za namna hiyo.

Mwaka 1890 alihamia Detroit akafungua karakana pamoja na Robert Faulconer. Miaka kumi na mmoja baadaye walikuwa wakiiundia kampuni ya Olds injini za motokaa. Olds alikuwa na waundaji wengine pia, ndugu wawili wa jina la Dodge, nao walifuata michoro ile ile. Yasimuliwa kwamba katika maonyesho ya mwaka 1901 injini hizo mbili ziliwekwa pamoja zikizunguka kwa mwendo mmoja, lakini ile ya Leland ilikuwa imefungwa breki ili isiipite nyingine. Vipande vyake vilikuwa vimekatwa kwa uangalifu zaidi, basi nguvu yake haikupotea bure. Mimi naona hapo pana fundisho kubwa kuliko vitabu vingi vya ufundi: mchoro mmoja hauzai injini moja.

Leland alitengeneza injini nyingine yenye nguvu zaidi, lakini Olds hakuitaka. Mwaka 1902 matajiri waliokuwa wameachana na Henry Ford walimwita Leland akadirie thamani ya kiwanda chao, maana walitaka kukiuza. Aliwaonyesha injini yake, nao wakaacha shauri la kuuza. Hivyo ikazaliwa Cadillac. Injini hiyo ilikuwa na silinda moja tu, upana wake inchi 5 na mwendo wa pistoni inchi 5, na motokaa za namna mbalimbali ziliundwa juu yake mpaka mwaka 1908.

Sasa nafika kwenye habari iliyonifurahisha kupita zote. Mwakilishi wa Cadillac katika Uingereza, Bwana Frederick Bennett, alisikia watu wakidharau motokaa za Marekani kuwa ni vitu rahisi. Mwezi wa Februari 1908, chini ya macho ya Chama cha Kifalme cha Motokaa, zilichaguliwa motokaa tatu za namna moja kutoka akiba iliyokuwako London, zikaendeshwa mpaka uwanja wa mashindano wa Brooklands. Zikafunguliwa zote, kila moja vipande 721, vikachanganywa kuwa lundo moja. Kisha wasimamizi waliondoa vipande 89, vile hasa vinavyotaka kipimo kikali, wakaweka vingine vipya kutoka ghalani. Mafundi waliruhusiwa spana na bisibisi, tupa ilikatazwa.

Fikirini, wenzangu: mtu ameshika pistoni na hajui ilitoka wapi, wala hana haja ya kujua. Motokaa zilifungwa upya, zikatoka na rangi mchanganyiko kama kanga iliyoungwa viraka, zikawaka. Zikaenda maili 500 kuzunguka uwanja ule. Cadillac ikapewa Kombe la Dewar.

Isidhaniwe kwamba Leland alitaka kila kitu kifanane. Wakati huo huo kampuni yake ilikuwa ikiuza injini ya silinda 4, ambayo ilikuwa na kranki yake yenyewe. Vita Kuu ilipofika Marekani mwaka 1917, aligombana na wakubwa wake kuhusu injini za ndege, akaondoka akiwa na umri wa miaka 74, akaanzisha kampuni ya Lincoln kuunda injini ya ndege iliyoitwa Liberty. Hiyo ilikusudiwa kuwa ukoo mzima, wa silinda 4, 6, 8 na 12. Silinda na pistoni zilikuwa za namna moja kwa zote, hata fundi aliyejua moja alizijua zote. Kranki na kasha la chini ndivyo vilivyobadilika kwa kila ndugu. Ni habari ile ile ya lori letu.

Vita vilipokwisha alijaribu kuunda motokaa kwa jina hilo la Lincoln. Zilikuwa imara, lakini fedha zikaisha, na mwezi wa Februari 1922 kampuni iliuzwa kwa Henry Ford, yule yule ambaye kiwanda chake cha zamani kiligeuka kuwa Cadillac. Leland na mwanawe walibaki miezi michache tu, wakaondoka. Alifariki Detroit mwezi wa Machi 1932, umri wake miaka 89.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne