John Newton, Nahodha wa Watumwa

John Newton alizaliwa London mwaka wa 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa merikebu, naye hakukaa nyumbani ila siku chache. Mama yake alikuwa mcha Mungu, akamfundisha kusoma na kusali. Lakini alikufa mtoto asijatimiza miaka saba. Alipopata miaka 11, baba yake akamchukua baharini. Huko alijifunza ubaharia, akajifunza na matusi pia. Hata alipokuwa kijana alimkana Mungu, akawavuta na wenzake waiache imani.

Mwaka wa 1744 alikamatwa kwa nguvu, akatiwa katika manowari ya mfalme. Akatoroka, akashikwa, akapigwa viboko mbele ya mabaharia wote. Kisha akahamishiwa merikebu iliyokwenda pwani ya magharibi ya Afrika kununua watumwa. Karibu na Sierra Leone akashuka, akawa mtumishi wa mfanya biashara ya watumwa. Huko aliugua, akatupwa kando, akala mizizi mibichi aliyoing'oa shambani usiku. Waliomhurumia ni watumwa wenyewe: nao wamefungwa minyororo, walimletea kwa siri sehemu ya chakula chao.

Mwaka wa 1748 akapata merikebu ya kurudi kwao. Tarehe 21 Machi tufani kuu iliipiga merikebu hiyo usiku, maji yakaingia kwa nguvu, na mtu mmoja akachukuliwa na mawimbi. Newton alipiga bomba hata akachoka kabisa, kisha akashika usukani saa nyingi. Hapo ndipo alipomwomba Mungu rehema, yeye aliyemdhihaki miaka mingi. Wiki nne baadaye walifika Ireland, chakula kimekwisha. Maisha yake yote aliikumbuka tarehe ile kwa sala.

Je, aliiacha biashara ile mara moja? Hakuiacha. Kati ya mwaka wa 1750 na 1754 alisafiri mara tatu akiwa nahodha wa merikebu za watumwa. Siku ya Jumapili alisali pamoja na mabaharia wake, na chini ya sitaha wamelala Waafrika katika minyororo, ndugu zao wale waliomlisha alipokuwa na njaa. Moyo wake ulikuwa umeamka, lakini macho yake yalikuwa hayajafunguka. Ugonjwa wa ghafula ndio uliomtoa baharini.

Mwaka wa 1764 alifanywa kasisi katika mji mdogo wa Olney. Akawafundisha maskini, akatunga nyimbo nyingi, na mmojawapo, unaosifu neema ya ajabu, umeenea duniani kote. Mwaka wa 1780 alihamia kanisa moja la London. Mwaka wa 1785 kijana William Wilberforce, mjumbe wa Bunge, alimjia kwa siri kuomba shauri, naye akamtia moyo asiiache kazi ya Bunge.

Mwaka wa 1788 Newton aliandika kitabu kidogo juu ya biashara ya watumwa. Hakujificha nyuma ya desturi za zamani zake. Alieleza aliyoyaona na aliyoyatenda kwa mikono yake, akakiri kwamba ungamo lake limechelewa. Baadaye akatoa ushahidi mbele ya wakuu wa nchi. Mwezi wa Machi 1807 Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria. Newton, mzee na karibu kipofu, alikufa tarehe 21 Desemba mwaka ule ule.

Wakristo husimulia habari zake wakitaka kuonyesha wingi wa neema ya Mungu kwa wenye dhambi. Lakini angalieni vema, enyi wanafunzi. Neema haikumwambia Newton kwamba deni lake lilikuwa dogo. Ilimpa moyo wa kulitaja lote mbele ya watu, na ya kuwatetea wale aliowauza.